Mpindo wa Nusu Inchi

Reijo Hautala alikuwa amefukuzwa kazi mara tano, na katika mara zote tano hakuna aliyekuwa na adabu ya kumwambia mapema. Ilibidi ajisomee dalili mwenyewe. Kule Ashby alijua mambo yameharibika siku dereva wa basi la timu alipomshika mkono badala ya kumpungia kama kawaida. Kule Fort Linden ilikuwa kibao cha maegesho kilichoandikwa KOCHA. Walikiondoa wakasema kinakwenda kupakwa rangi, na hakikurudi. Mtu akiishi hivyo misimu kumi na tisa, katika ligi za miji midogo ambako timu hukaa saa tisa ndani ya basi ili ikacheze magongo ya barafuni mbele ya watu elfu moja na mia mbili, anakuwa fundi wa kushuku zaidi ya alivyo fundi wa mchezo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Reijo ameumwa mara tano, na kwa macho yake Port Ansel yote ilikuwa unyasi mtupu.

Ndiyo maana Ijumaa ile asubuhi, Bi Loretta Stroud, mwenye timu ya Wapasua Mbao, alipopiga simu, Reijo hakusikia alichoambiwa. Alisikia alivyoitwa.

"Kocha," alisema Bi Stroud, "mkataba wako uko mezani kwangu. Miaka mitatu, kama tulivyokubaliana. Wewe nifungie hao Wachimbaji wa Hollis Jumapili, basi, uje utie sahihi."

"Na nisipowafunga?"

"Usinitie maneno mdomoni. Funga tu."

Akakata simu. Reijo akabaki ameshika mkono wa simu, akamwangalia mkewe jikoni.

"Kaniita Kocha," akasema.

"Kwani wewe ni nani? Fundi cherehani?"

"Aune, miaka sita yule mama ananiita Reijo."

"Kunywa kahawa yako."

Aune hakucheka, ingawa alisema kama anayecheka. Mara tano alikuwa amefunga vyombo vya nyumba kwenye masanduku ya makaratasi, na kila mji alikuwa akiacha mengine kwenye chumba cha chini ya nyumba bila kuyafungua, maana ayafungue ya nini. Port Ansel ndio mji wa kwanza alikoyafungua yote. Kisha akayachoma moja moja kwenye jiko la sauna, kile kibanda cha kuogea mvuke ambacho Reijo alikijenga kwa mikono yake nyuma ya nyumba. Akapanda vichaka vya matunda ya kupikia jemu, vile vinavyochukua miaka minne kuzaa vizuri. Na kiangazi kilichopita, wakiwa wamekaa kwenye mvuke, alimwambia mumewe bila kumwangalia: "Mimi sihami tena, Reijo. Ukifukuzwa hapa, nenda unakokwenda. Ukirudi utanikuta hapa hapa." Reijo alijua kwamba si maneno ya mvuke.

Kwa hiyo hayo ndiyo yaliyokuwa yakitegemea mchezo wa saba. Timu mbili, kila moja imeshinda michezo mitatu, wa kwanza kufika minne ndiye mshindi, na ilivyotakiwa usingekuwepo mchezo wa saba hata kidogo.

Alhamisi, kule Hollis, Wapasua Mbao walikuwa wanaongoza mbili kwa moja, zimebaki dakika nne mchezo wa sita uishe na mfululizo wote uishe. Mabao yote mawili kayafunga Russell Shawano, mfungaji wao bora. Ndipo Merle Skoglund, kocha wa Hollis, alipomwita refa na kuomba gongo la Shawano lipimwe.

Sheria inasema ubapa wa gongo usipinde kupita nusu inchi, maana gongo lililopinda sana hurusha kisahani, kile kidude bapa kinachochezewa badala ya mpira, juu na golikipa hajui kinatua wapi. Sheria hiyo kila mtu anaijua na kila timu inaivunja. Lakini kuomba kipimo ni jambo ambalo makocha hulikwepa, kama vile jirani mwema asivyokwenda kuchungulia sufuria ya mwenzake. Tena lina hatari yake: gongo likikutwa limezidi, mwenye gongo anatolewa dakika mbili, likikutwa halali, aliyeomba ndiye anayetoa mtu. Kuomba bila kujua ni wazimu. Skoglund aliomba kama mtu anayejua.

Gongo la Shawano lilizidi. Shawano akatoka, Hollis wakasawazisha, na katika muda wa nyongeza wakapata la tatu.

Sasa sikiliza alivyofikiri Reijo. Timu yake ilikuwa na utaratibu. Vipindi viwili vya kwanza Shawano anachezea gongo lililopinda. Kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha hatari, anapewa gongo lililonyooka. Anayempa ni mtunza vifaa. Wanaojua utaratibu huo ni wanne: Reijo, Shawano, kocha msaidizi aitwaye Ferris, na mtunza vifaa mwenyewe, Lucien Gervais. Alhamisi Shawano alikuwa na gongo lililopinda kwenye kipindi cha tatu, na Skoglund alilijua. Kikulacho ki nguoni mwako. Ilibaki kujua ni nguo ipi.

Alianza na Shawano, Ijumaa mchana, kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Nililichukua mwenyewe, kocha," alisema Shawano, akifungua kamba za viatu vyake vya barafu. "Mzee Lucien alinipa lile lililonyooka. Nikamrudishia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na mawili nalo! We ungeacha gongo lenye mabao mawili? Ningepata la tatu."

"Mzee Lucien kakutuma useme hivyo?"

Shawano akamwangalia kama anayemwangalia mgonjwa. "Kocha, umelala kweli jana?"

Reijo alitoka pale akiwa na hakika kwamba yule bwana anamfunika mzee. Wachezaji wote walimpenda Lucien. Mtu aliyepasua kidole chake kwenye mashine ya kunolea ili viatu vyako viwe na makali mazuri huwezi kumchongea.

Lucien Gervais alikuwa na miaka sitini na sita, ishirini na miwili kati yake kaitumia kwenye chumba kimoja kisicho na dirisha chini ya viti vya upande wa mashariki. Mfupi, kidevu hakikuwahi kunyolewa vizuri, redio yake ikishika kituo cha Kifaransa cha ng'ambo ya ziwa. Alinoa, alishona, alifua. Na alikuwa na jicho. Akilitazama gongo likipita hatua ishirini mbele yake, anakuambia limepinda kiasi gani. Katika misimu sita Reijo mwenyewe aliwahi kuomba kipimo mara tatu, na mara tatu zote alifanya hivyo baada ya kumwangalia Lucien mwisho wa benchi. Lucien akitikisa kichwa kukataa, Reijo alinyamaza. Lucien akijikuna sikio, Reijo alimwita refa. Mzee hakuwahi kukosea hata mara moja.

Mtu wa namna hiyo, Reijo aliwaza sasa, akiamua kukuuza, anakuuza kwa bei nzuri.

Jumamosi nzima alikusanya ushahidi. Lucien ana dada aliyeolewa Hollis. Lucien aliulizwa lini anastaafu, akasema "inategemea." Inategemea nini? Ferris naye, msaidizi ambaye kocha akifukuzwa ndiye hupewa kiti, alionekana akishuka kwenye gari la Bi Stroud mbele ya duka la mikate ya nyama. Alipoulizwa, alisema betri ya gari lake ilikuwa imekufa. Reijo alikwenda mpaka kwenye maegesho, akaligusa gari la Ferris, akajaribu hata kuchungulia betri kupitia upenyo wa boneti. Mwanaume wa miaka hamsini na minane, ameinama kwenye theluji iliyoyeyuka nusu, anachungulia betri ya mtu. Watu wa Port Ansel walipita wakamsalimia vizuri, maana ni watu wenye heshima zao.

Jumapili alifika ukumbini saa mbili asubuhi. Mchezo ulikuwa wa saa nane mchana. Lori la vifaa la Hollis lilikuwa tayari limeegeshwa nyuma, mlango wake wazi. Reijo akasimama karibu na mashine ya kulainisha barafu, akatazama.

Lucien alikuwa mlangoni na mtunza vifaa wa Hollis, jitu moja liitwalo Boyd. Walikuwa wanacheka. Boyd alimpa Lucien mfuko wa nguo uliofungwa kwa kamba. Lucien akauweka kwapani. Kisha Boyd akamsogelea sikioni akamwambia kitu, Lucien akaangalia kushoto na kulia, na wote wawili wakaingia kwenye lori. Walikaa humo dakika arobaini. Reijo alizihesabu kwa saa yake ya mkononi, miguu ikimganda.

Lucien aliposhuka, alimwona. Uso wake ukachangamka.

"Rei! Vizuri umewahi. Nilikuwa nakutafuta, nina neno la kukua..."

"Funguo."

"Nini?"

"Nipe funguo za chumba. Zote."

Lucien alifikiri ni utani. Alisimama akitabasamu, mfuko kwapani, mpaka tabasamu likaisha lenyewe.

"Rei, ngoja kwanza. Sikiliza."

"Nimesikiliza siku tatu. Dakika arobaini kwenye lori lao, Lucien! Siku ya mchezo wa saba! Unafikiri mimi mtoto?"

"Mfuko huu ni soksi. Zilichanganyika na nguo zao mchezo wa tano, nilipowafulia..."

"Funguo, mzee. Benchini kwangu leo hukai."

Wachezaji watatu walikuwa wameanza kuingia, na walisimama pale pale na mabegi yao. Lucien aliwaona. Aibu ikampanda shingoni hadi masikioni, nyekundu. Akaweka mfuko chini, akafungua mkufu wa kiunoni, akazitoa funguo zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, kila moja akiisema ni ya wapi, maana hakujua namna nyingine ya kukabidhi kazi. Alipomaliza alichukua koti lake.

"Soksi za Shawano zile nyembamba ziko rafu ya juu," alisema. "Nyingine zinamkata."

Reijo alihisi kitu kikimchoma kifuani. Alikisikia kabisa. Lakini kushuku kuna ulevi wake, na mlevi hanyang'anywi kikombe na dhamiri. Akazitia funguo mfukoni.

Mchezo ulijaa watu mpaka kwenye ngazi. Bi Stroud alikuwa kwenye kiti chake na kofia ya manyoya ya marehemu mumewe. Aune alikuwa safu ya nne, mikono mapajani, hali wala hanywi. Mwisho wa benchi, mahali pa Lucien, alikaa Ferris, akitoa magongo kwa kubahatisha, akimpa wa mkono wa kushoto gongo la mkono wa kulia, na wachezaji wakimtukana kwa Kifini na Kiingereza kwa zamu.

Hata hivyo walicheza. Walifungwa, wakarudisha, wakafungwa, wakarudisha. Kipindi cha tatu, dakika ya kumi na nne, Petrusko wa Hollis, namba kumi na tisa, alipiga kombora kutoka mbali. Kisahani kikapaa, kikamkwepa golikipa juu ya bega, kikagonga wavu. Tatu kwa mbili.

Reijo aliona kile kisahani kilivyopaa, na damu ikamchemka. Kisahani hakipai hivyo kwa gongo lililonyooka. Zimebaki dakika sita. Gongo la Petrusko likizidi, Hollis watacheza dakika mbili wakiwa pungufu, Shawano anatia la kusawazisha, na kuanzia hapo lolote linawezekana. Akageuka kwa mazoea mwisho wa benchi. Akamkuta Ferris, kakumbatia magongo, mdomo wazi.

Ndipo alipomwona Lucien. Mzee hakwenda nyumbani. Alikuwa amesimama kwenye lango inakotokea mashine ya barafu, na koti lake na kofia ya sufu, nyuma ya kioo. Alikuwa anamtazama Reijo moja kwa moja. Alijua kabisa Reijo anafikiri nini. Baada ya misimu sita angekosaje kujua. Akatikisa kichwa. Hapana. Akatikisa tena, polepole, kwa nguvu, na mkono akauinua kana kwamba anamzuia mtu asivuke barabara.

Hapo Reijo angeweza kuokoka. Mtu mwenye jicho lisilokosea alikuwa anamwambia wazi, mbele ya watu elfu moja na mia mbili. Lakini akili yake ilikwenda inakokwenda siku zote. Anawalinda, akawaza. Anawalinda mpaka mbele ya macho yangu. Na kile kichwa kinachotikisika kikawa ndio ushahidi wa mwisho aliokuwa anautafuta.

"Refa!" akaita. "Naomba kipimo! Namba kumi na tisa!"

Ukumbi ulitoa sauti ya chini, ya watu wengi kuvuta pumzi kwa pamoja. Kapteni wake mwenyewe alisema, "Kocha, jamani." Petrusko alitabasamu akampa refa gongo. Refa akalipeleka kwenye meza ya waandika mabao, akaweka kile kipimo cha shaba juu ya ubapa, akalisukuma, akaligeuza, akalisukuma tena. Reijo alikuwa akimwangalia Skoglund kwenye benchi la upande wa pili, akisubiri kuona uso ukibadilika. Skoglund alikuwa anatafuna bigijii.

Refa akarudi katikati ya barafu, akanyoosha mkono kuelekea benchi la Wapasua Mbao.

Wakatoa mtu. Sekunde ya hamsini na mbili Hollis wakafunga la nne, na baada ya hapo haukuwa mchezo tena, yalikuwa maziko. Safu ya nne, Aune aliinuka kabla ya kengele, akavaa glavu zake kidole kimoja kimoja, akatoka.

Desturi ni kupeana mikono mfululizo ukiisha. Skoglund alimshika Reijo mkono akamvuta karibu. Aliwahi kuwa msaidizi wake kule Ashby, zamani, kijana mwembamba asiyeachana na daftari.

"Pole sana, mwalimu," alisema, na hakuwa anamdhihaki. "Lakini leo ulinishangaza. Wewe uombe bila kujua?"

"Alhamisi wewe ulijuaje?" Reijo alimshika mkono asimwachie. "Nani alikwambia? Nitajie jina tu. Nimeshamfukuza, huna unachomharibia."

Skoglund alikunja uso. "Nani kaniambia? Si wewe! Kwenye basi la Ashby, tunatoka Fort Linden kufungwa tano. Ulisema: mfungaji akishatia mawili habadilishi gongo, hata umwekee bunduki. Subiri mchezo wa sita, subiri awe na mawili, uombe. Niliandika." Akamwangalia vizuri. "Umemfukuza nani, Reijo?"

Reijo akauachia mkono wake. Aliondoka kwenye barafu kwa viatu vyake vya ngozi, mara mbili nusura aanguke. Koridoni, nje ya chumba cha Lucien, Bi Stroud alimsimamisha. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya.

"Kocha, kesho saa nne njoo ofisini kwangu. Tutaongea."

"Sawa, Bi Stroud."

Chumba cha Lucien kilikuwa wazi. Reijo mwenyewe ndiye aliyesahau kukifunga. Mashine mbili za kufulia zilikuwa zinazunguka. Lucien alikuwa ndani, koti lake kalitundika, anafua nguo za Hollis. Mwenyeji hufua nguo za mgeni, hata mgeni aliyekufunga, na hakuna mwingine mjini aliyejua mashine ile ya pili inavyopigwa teke ili ianze.

"Ulijuaje?" aliuliza Reijo akiwa mlangoni. "Ulikuwa mbali. Kisahani kilipaa, nilikiona kwa macho yangu."

"Kiligonga kiatu cha beki wako kikapaa." Lucien hakugeuka. "Gongo la Petrusko nililijua tangu asubuhi. Boyd aliogopa utalipiza kisasi cha Alhamisi. Hana kipimo, kilivunjika, wala jicho hana. Aliniomba nimwangalizie magongo yote kabla ya mchezo. Ishirini na matatu. Matatu yalikuwa yamezidi, tukayanyoosha kwa moto. La Petrusko lilikuwa mojawapo."

"Uliwanyooshea? Ukawasaidia?"

"Mwezi wa kwanza mashine yetu ya kunolea ilipokufa, nani alikuja kutunolea viatu jozi kumi na tisa, saa nne njiani kwenye theluji? Boyd. Hukuuliza hata ni nani. Uliona viatu vina makali, ukafurahi." Akatoa soksi moja iliyolowa, akaikunja. "Sisi ndivyo tunavyoishi, Rei. Nilishuka kwenye lori nikutafute nikwambie: leo usiombe, yote yamenyooka, nimeyashika mwenyewe. Nilianza kusema. Ukaniambia funguo."

Mashine ya kwanza ikasimama. Reijo alitaka kusema jambo kuhusu Ashby, kuhusu Fort Linden, kuhusu vichaka vya Aune ambavyo kiangazi hiki ndiyo vingezaa sawasawa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa zile funguo kumi na moja, akaziweka juu ya meza ya kushonea.

"Nisamehe, mzee wangu. Chukua. Rudi kazini kwako."

Lucien alizitazama, akamtazama yeye. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa amechoka tu. Akazisukuma zile funguo kwa upande wa kiganja kurudi ukingoni mwa meza.

"Hizo si zako za kunirudishia tena, Rei," alisema. "Kesho saa nne, ukifika kule juu, mpe Bi Stroud."

Kisha akaenda kwenye mashine ya pili, akaipiga teke, ikaanza.